Kushika Mhuri Kabla ya Kutazama

Ghorofani kwa fundi cherehani,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Najua ni utovu wa adabu kutanguliza ombi kabla ya shikamoo, lakini nisamehe, woga umenikaba. Nakuomba haya nitakayoandika yaishie machoni pako. Usimsomee Mjomba, usimdokezee Bibi ukimpigia simu, na ukimaliza uichane barua hii vipande vipande. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu barua pepe zetu za kazini husomwa. Muuguzi anayekuja likizo huko kwenu ndiye aliyeibeba, na anadhani bahasha ina picha za harusi.

Sasa shikamoo, Shangazi. Hujambo? Mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa kitini kutwa umepoa? Huku tunapumua. Bibi ana nguvu kutushinda sote. Bado anawaambia majirani kwamba binti yake hutengeneza kokwa la kompyuta. Nikimsahihisha kwamba ni kiini cha mfumo endeshi, ananijibu kuwa vyote viwili hukaa katikati, kwa hiyo nimwache.

Aliyenifanya nishike kalamu ni wifi yako, Mama. Ule uvimbe wa tumboni umekua, na daktari wa upasuaji amepanga kuutoa tarehe ishirini na nane mwezi huu, hapahapa hospitalini kwetu. Amesema huenda Mama akahitaji kuongezewa damu. Mwenyewe anafanya mzaha. Juzi alikuwa anakunja nguo, akaniambia, "Si wewe ndiye karani wa damu? Basi nichagulie ya mtu asiyekoroma. Sitaki kuamka na makoromo ya watu." Nilicheka naye. Kisha nikaenda bafuni nikafungulia bomba, ili maji yafunike kilio changu.

Maana mimi najua yanayotokea kwenye chumba cha damu, na yeye hajui.

Katika barua yako, nilipokueleza kwamba lebo zetu za damu hukosewa, uliniuliza: ninyi mnafanya nini ambacho makarani wa hospitali nyingine hawafanyi? Nimelifikiria swali hilo nikiwa kazini na nikiwa kitandani, na jibu nimelipata. Tunabonyeza pamoja. Chumba chetu kina majokofu mawili yanayonguruma, meza moja ndefu, kompyuta mbili zinazotumia mashine kuu moja, na printa mbili za lebo. Mifuko ya damu huletwa asubuhi yote kwa mkupuo, ndani ya masanduku ya barafu, na damu haipendi kungoja kwenye joto. Kwa hiyo mimi na Mama Pacha, karani mwenzangu aliyenifundisha kazi, tulijizoesha kwenda sambamba. Yeye husema, "Haya, twende," vidole vyetu vinashuka, printa mbili zinalia kwa sauti moja. Tulikuwa tukijivunia. Mkuu wa kitengo aliwahi kuleta wageni waje kututazama.

Nilifanya jaribio uliloniagiza. Wenzangu walipokwenda kula nilibaki na ile mifuko ya mafunzo iliyojazwa maji, nikaandika makundi ya damu ya kubuni. Nilipobonyeza kompyuta moja moja, kila lebo ilitoka sahihi. Nilipobonyeza zote mbili kwa pamoja, mkono huu huku na mkono huu kule, zilitoka sahihi mara nyingi mpaka nikaanza kujiona mjinga. Halafu moja ikatoka na namba ya mfuko wa kushoto na kundi la mfuko wa kulia. Niliishika ile lebo, Shangazi, ingali na joto la printa.

Narudia ulivyonieleza ili unisahihishe kama nimepotoka. Kumbukumbu ya mashine imekatwa kurasa kurasa, na kiini cha mfumo endeshi ndicho mwenye nyumba anayezipangisha kwa kila kazi inayoomba. Kazi ikimaliza kuutumia ukurasa, kiini huuchungulia, na kikiuona mtupu humpa mpangaji mwingine. Ubaya wa hiki kiini chetu cha zamani ni kwamba kati ya kuchungulia na kugawa kuna upenyo mwembamba kuliko unywele. Katika upenyo huo mpangaji wa kwanza huweza kurudi na kujilaza. Wanakuwa wawili kitanda kimoja, na mmoja huamka amevaa shati la mwenzake. Shati hilo kwetu ndilo kundi la damu. Ukaniambia pia kwamba kufuli la kuzuia jambo hili lipo, ila kiini hulishika baada ya kutazama badala ya kabla, na kwamba ninyi mlishalirekebisha katika kiini kipya. Nilisoma mstari huo nikaupita. Sikuona kwa nini mambo mawili madogo kubadilishana nafasi yawe na uzito wote huo.

Sasa nimeona, na nimeliona kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama Pacha ndiye aliyegundua lebo mbovu ya kwanza, mfuko wa kundi A uliotoka na lebo ya O. Ana tabia ya kulinganisha lebo na kile kibandiko kidogo ambacho mfuko hutoka nacho maabara, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Aliinyanyua akasema, "Leo mashine imelewa." Alipokamata ya pili hakutania. Tulimwita fundi wa mitambo, ambaye sote tunamwita Zima-Washa kwa sababu dawa yake ni hiyo moja. Alizima, akawasha, akasema, "Imelala kidogo, sasa imeamka na akili zake." Na kweli ilikaa siku kadhaa bila kosa. Ndiyo ubaya wa ugonjwa huu, daktari akifika mgonjwa hana homa.

Tukaona tujilinde wenyewe. Kwenye droo kulikuwa na mhuri mkuukuu uliobanduka raba, umebaki mpini tu. Tukakubaliana kuwa aliyeshika mhuri ndiye abonyezaye, na asiye nao mikono magotini. Nilifurahi. Nilijiona nimejenga kufuli lako kwa kipande cha mti.

Asubuhi moja masanduku yalijaa na trei ilikuwa katikati yetu. Nilitazama mfuko wa mbele, nikaona ni wa kundi B, nikaushika akilini. Mhuri alikuwa nao Mama Pacha. Aliuchukua mfuko uleule, akaubandika, akausogeza mwingine mbele, akanipa mhuri. Nami, kwa kuwa nilikwishatazama, nikabonyeza B na kuibandika lebo kwenye mfuko uliokuwa mbele yangu. Mama Pacha akanidaka kifundo cha mkono.

"Mwanangu, huo ulioubandika umeutazama saa ngapi?"

"Nimeutazama sasa hivi."

"Kabla ya mhuri au baada?"

Nikautazama mhuri mkononi mwangu. Alibandua lebo taratibu kwa ukucha, akaniwekea mbele. "Shika kwanza, ndipo utazame," akasema. "Ukitazama kabla ya kushika, unachokijua ni cha jana."

Nilikaa chini. Nilikuwa nikiilaani mashine, kumbe nimefanya lilelile, hatua kwa hatua. Na sikuwa mlevi wala mvivu. Nilikuwa makini kabisa, kosa likapita katikati ya umakini wangu. Tangu siku hiyo tulishika kwanza, ndipo tukatazama, na lebo zote zilizotoka zilikuwa safi.

Ila tulikwenda polepole. Mkuu akaja kuuliza kwa nini masanduku yanakaa sakafuni. Mama Pacha alimweleza yote bila kuficha. Mkuu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mashine haina mama mgonjwa wala mume mlevi wa kuichanganya akili. Wewe unao?"

"Mume sina, Mkuu," Mama Pacha akajibu. "Labda mashine ndiyo iliyoolewa."

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mama Pacha. Mkuu alichukua mhuri wetu akautia mfukoni, akasema hii si shule ya chekechea. Kesho yake Mama Pacha alipewa barua ya onyo na kuhamishiwa dirisha la mapokezi. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikitazama viatu vyangu. Mkuu alipotaja mama mgonjwa nilihisi kama ameniita kwa jina, na bado sikufungua mdomo.

Sasa kwenye kiti cha Mama Pacha yupo karani mgeni anayebonyeza kama mpiga ngoma. Hutaka twende pamoja, na Mkuu anampenda kwa hilo. Nimejaribu kuchelewesha kidole changu ili tupishane, lakini naye hunisubiri, anadhani ni uungwana. Vibandiko vya maabara navilinganisha mwenyewe kwa kadiri ninavyoweza. Siwezi kuiona mifuko yake. Usiku hunijia mifuko iliyopita na lebo mbovu kabla hatujajua kitu. Sijui kama ipo. Hilo la kutojua ndilo linalonila.

Utasema damu hupimwa tena kabla ya kumtia mgonjwa. Hupimwa, pakiwa na nafasi. Mgonjwa akianza kuvuja mezani, mlango wetu hugongwa na hutakiwa mfuko wenye lebo ya O, haraka, bila kungoja kipimo. Mama ni kundi O, na damu ya kundi lingine inaweza kumuua. Daktari mwenyewe amesema uvimbe wa aina yake hupenda kuvuja.

Nilimwendea Zima-Washa peke yake, karibu na ngazi, nikamwambia kipo kiini kipya kilichokwisha kurekebishwa, akibadilishe. Hakunicheka. Alisema anakijua na anakitaka, lakini bila ruhusa ya Mkuu hagusi. "Mara ya mwisho nilipobadilisha, printa zilisusa. Nikigusa tena kimyakimya, safari hii nitazimwa mimi, na hakuna atakayeniwasha." Nikamuuliza, ruhusa ikija? Akasema kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mwandikie Mkuu kutoka ofisini kwenu, kama watu mnaokitunza kiini, kwamba toleo hili la zamani lina kosa na kila hospitali inayolitumia inapaswa kulibadilisha. Andika kama tangazo linalokwenda kwa wengi. Usitaje chumba chenye printa mbili wala mtu kubonyeza pamoja, maana atanitambua mara moja. Sote tulitia sahihi kwamba hatutatoa nje habari za mitambo, na aliyewahi kutoa hayupo tena kazini.

Najua unachowaza. Mbona simwambii daktari? Mbona simhamishi Mama? Shangazi, Mama amepata kitanda hapa kwa sababu mimi ni mfanyakazi. Siku nitakayofukuzwa, kitanda hicho atapewa mwingine, na hospitali nyingine haitamchukua kwa hali yetu. Baba hupenda kusema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nimeishi kwa methali hiyo tangu utotoni, wewe ndiye uliyenipa jina la Kobe. Lakini nikipiga hesabu safari hii, naona kilio kinaweza kuja kwangu nikiwa nimejificha ndani ya gamba.

Nisalimie sana Mjomba, na binamu yangu Kijiko, mwambie sijasahau deni lake la kunifundisha kuogelea. Baba anakusalimu, anasema rafu ya mbao uliyomtumia picha yake ameianza, upande mmoja umependa kuinama. Bibi anauliza utakuja lini, na usimjibu "karibuni" kwa kuwa ameshaichoka.

Jinsi ya kunipata ni hivi. Usipige kazini, wala kwenye simu yangu, kwa sababu naiacha mezani na karani mgeni ana macho marefu. Piga kwa fundi cherehani wa hapa chini, namba nimeiandika nyuma ya bahasha, wakati wowote mchana. Uliza kama gauni la shangazi limekwisha. Hajui maana yake, nimemwambia tu la kujibu, nami nitampa jibu jipya kila jioni. Akikwambia "bado vifungo", ujue kiini hakijabadilishwa. Akikwambia "limekwisha, njoo ulichukue", ujue Zima-Washa amefanya kazi yake nami nimelala usingizi.

Piga tarehe ishirini na tano. Ukiambiwa bado vifungo, basi yote niliyokuomba pale juu yafute. Ndiyo maana nasema usiichane barua hii kabla ya siku hiyo. Mpigie Mkuu, na daktari wa upasuaji, na yeyote atakayepokea simu, uwasomee neno kwa neno. Waambie kuhusu printa mbili, waambie kuhusu mhuri, na wakikuuliza nani kasema, nitaje. Bora Mama akose kitanda kuliko apate mfuko wa mtu mwingine.

Mungu akulinde huko uliko, na aibariki mikono yako inayotengeneza yale tusiyoyaona.

Wako akupendaye, mtoto wa kaka yako,
Kobe