Mguu wa Sufuria ya Mama

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai uliitikia nusunusu, macho yako kwa mteja anayekuja na chombo chake kilichovunjika. "Lete, itashika!" Hujaona hata ni kitu gani, umeshasema itashika. Kisha wewe unakwenda kupiga soga, mimi nabaki na moto.

Nilikueleza mara ngapi? Jembe la zamani ni chuma laini: likiiva likawa jeupe, unalinyunyizia mchanga, unaligonga, vipande vinakamatana. Springi ya lori ukizubaa inarusha cheche na kuungua. Alumini haionyeshi dalili yoyote kabla ya kuyeyuka. Lile birika la Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ulilolipokea kwa tarishi wake, lilinimwagikia kwenye makaa, Mwingereza wa watu anangoja chai. Na hizi sufuria nzito za miguu mitatu za dukani kwa Mhindi, zilizomiminwa zikiwa uji wa chuma kwenye kalibu, ndizo hazitaki kabisa. Ukizipasha na kuzigonga zinamomonyoka kama udongo mkavu. Wewe jibu lako lilikuwa moja: "Chuma ni chuma, we vuta mivuo moto uwake."

Sasa umekufa, umeniachia kijiji kizima cha Sepuka na ahadi zako. Wengine niliwarudishia vyombo vyao, wakanuna, yakaisha. Mama ndiye amenishinda. Kabla hujaugua ulimwambia mguu wa sufuria yake utashika. Kila siku ya gulio anautoa kwenye kanga, ananiwekea juu ya fuawe, mbele ya nyundo yangu. Nimeujaribu mpaka umebaki kipande.

"Kaka yako alisema utashika," ananiambia. "Wewe hutaki tu."

Juzi nilichoka kweli. Nikaubeba mguu hadi jikoni kwake nikamwambie basi, imetosha. Nikamkuta anasonga ugali wa uwele kwenye sufuria ileile, imekaa juu ya mafiga, imetulia.

"Mama, kumbe inapika?"

"Inapika. Siku zote inapika."

"Sasa huu mguu unanisumbua nao wa nini?"

Hakuacha kusonga. "Mguu ukikaa hapa jikoni, nani atamgombeza kaka yako? Wenzako wote wamenyamaza. Hawamtaji."

Nikakasirika zaidi, maana ni kweli: jina lako nalitaja nikiwa na hasira tu, na hasira zenyewe ni za mguu huo. Nimekukumbuka, kaka. Nimechoka kuvuta mivuo peke yangu.

Mama akanyoosha mkono auchukue mguu. Nikaurudisha nyuma.

"Niachie, mama," nikasema. "Utashika."

Hautashika. Mimi najua, na nadhani hata yeye anajua. Lakini siku ya gulio nitawasha moto, nitakutukana vizuri, kwa sauti, mama akiwa amekaa pale anasikiliza.

Lala salama, kaka.

Mdogo wako, uliyemwachia moto