Siku Niliyomtoa Kadzo Kazini Kwake

Ijumaa, Malindi. Hakuna upepo hata wa kupeperusha pazia, nami sikai wala sisimami. Nimefua nguo zisizo chafu.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: kazi yangu ni kuyatafutia makampuni waandishi wa programu za kompyuta. Singoji watu walete maombi. Walio hodari hawaombi, wako makazini mwao wameinama. Nasoma kazi zao walizoziweka wazi mtandaoni, naulizia huku na huku, kisha nawabishia hodi kwa ujumbe wa adabu. Mama huniita mshenga.

Wiki hii nilimpata mtu.

Kampuni moja ya Nairobi ilitaka fundi wa programu zisizozimika mtandao ukikatika. Nikakutana na kazi ya msichana wa Kakuyuni, si mbali na hapa, nitamwita Kadzo. Safi kabisa, na kila hatua ameieleza kana kwamba anamfundisha mdogo wake. Nilimwandikia, akakubali tuonane kwa chai karibu na soko.

Alikuja, akaagiza mahamri na mbaazi, akanieleza anapofanya kazi. Ni kliniki ya wagonjwa wa figo hapa mjini. Programu inayowapangia wagonjwa mashine na kuwatumia ujumbe wa zamu zao ameiandika yeye, na akiharibikiwa hana wa kumsaidia.

Chai ikanipalia.

Mama yangu husafishwa damu pale, Jumatatu na Alhamisi. Kabla ya programu ile tulikuwa tukifika alfajiri na kungoja mpaka miguu yake ivimbe, na kuna siku tulirudishwa nyumbani. Siku hizi ujumbe huja jioni ya kuamkia zamu, mama akalala kwa raha. Kumbe raha ile ilikuwa mkono wa Kadzo.

Nikaanza kuichafua kazi niliyokwenda kuinadi. Nairobi kuna baridi, nikasema. Watu wa kule hawana salamu. Kampuni yenyewe ni ngeni.

Kadzo akaliweka hamri sahanini. "Dada Sauda, mbona umenijia na ndimi mbili? Wanitaka niende au nibaki?"

Nikamwambia kweli yote.

"Mama yako namjua," akasema. "Huniuliza habari za nyumbani. Lakini dada, tangu niingie pale hakuna aliyeniuliza nataka nini. Mimi huitwa tu pale mashine ya kuchapa inapokwama. Nikikosea sina wa kumuuliza. Mimi nataka kujifunza."

Ataenda, akasema, kwa sharti moja: apewe muda amfundishe mwenzake wa maabara pale kliniki kuiendesha ile programu. Wakikataa, atabaki.

Nikampigia mkubwa wa ile kampuni. "Namtaka Jumatatu," akanijibu. "Hawezi, nitafutie mwingine."

Na wengine ninao. Ilikuwa rahisi kumwandikia Kadzo maneno mawili, kwamba samahani, nafasi imejazwa. Angebaki. Mama angepata ujumbe wake. Hakuna ambaye angejua. Niliyaandika maneno hayo, nikayafuta, nikayaandika tena.

Leo asubuhi nilikuwa nikimpaka mama mafuta miguuni, maneno yakanitoka yote. Hakunikaripia. Aliuvuta tu mguu wake.

"Wamfungia mtoto wa watu riziki yake ili mimi nikae vizuri? Sikukulea hivyo, Sauda. Zamani twaliandikwa kwa kalamu na hatukufa. Mwache aende."

Nilitoka uani nikampigia tena yule mkubwa. Nikafanya nisilowahi kulifanya: nikakataa kumpa jina lingine. "Mtu asiyekubali kuwatupa wagonjwa," nikamwambia, "siku yake ya kuondoka kwako hatakutupa na wewe. Huyo ndiye uliyeniambia nikutafutie." Akasema atafikiri, akakata.

Swala ya Ijumaa ikapita. Wali ukapoa mezani, sikuugusa. Nikawaza kwamba nimetukosesha sote wawili, Kadzo kazi yake na mimi mteja wangu.

Jibu limekuja alasiri hii. Wamekubali. Kadzo ataanza mwenzake akishajua kazi.

Nilimpigia kumpa habari. Nikamsikia akimwita mama yake kwa Kigiriama, na kelele za furaha zikaja mpaka nikaiondoa simu sikioni.

Ningepaswa kutulia sasa. Situlii. Huyo mwenzake wa maabara ataweza kweli? Na programu ikigoma siku ya mama, nitamlaumu nani? Mimi hupewa shukrani na mahali mtu anapokwenda. Sijawahi kukaa nikawatazama wale anaowaacha.

Kadzo atawaaga wakubwa wake kesho. Jumatatu nitampeleka mama kama kawaida, na sista mkuu wa kliniki, ambaye hutufungulia mlango mwenyewe, atanishika mkono na kuniuliza habari za kazi.

Nitamwambia ni mimi niliyemchukua Kadzo.

Nadhani nitamwambia.