Kamba Niliyoiachia

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Leo tumepaka kibao rangi. TUNAKATA NA KUPUNGUZA MITI – MAJUMBANI NA MAOFISINI. Chini yake namba ya Zengo. Mume wangu ana furaha kama mtu aliyezaliwa upya! Miaka sita kakata misonobari ya watu kule Mafinga, karudi na chenso moja, ule msumeno wa mashine, na mkanda wa kupandia mitini. Pamba imetuangusha misimu miwili. Anasema Bariadi watu wanajenga chini ya miti, mvua zikikaribia ndiyo wanashtuka. Biashara iko hapo hapo.
Yeye juu, mimi chini. Tumefanya mazoezi kwenye mgunga wa shambani. Kamba inapita kwenye panda ya juu, ncha moja inafungwa kwenye tawi, nyingine ninayo mimi. Naizungusha mara mbili kwenye shina. Tawi likikatwa linaning'inia, nalishusha polepole. Anasema kazi ya chini ni nyepesi. Labda kwake.
Sikumwambia kwamba kila tawi likishuka nilifumba macho.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kazi ya kwanza! Mijohoro miwili nyuma ya gesti, karibu na stendi. Imeisha salama. Viganja vimechunika. Watu walijaa kutazama. Fundi pikipiki mmoja akasema kwa sauti kwamba mwanaume anayeshikiwa kamba na mkewe ameshajichimbia kaburi. Zengo akacheka huko huko juu. Mimi nilishindwa hata kutabasamu.
Kila chenso inapolia nabana pumzi. Ikinyamaza, nahesabu miguu yake. Miwili. Basi.

Jumamosi, 19 Oktoba
Mwandiko mbaya leo. Niandike tu.
Tulikuwa kwa Apolonia, yule mama anayeuza dagaa sokoni. Mwarobaini wake umelalia paa la jiko. Tulimwambia akae mbele ya nyumba, asizunguke nyuma. Matawi manne yalishuka vizuri. La tano lilikuwa nene kama kiuno changu. Lilipokatika likatoa mlio – kwaa! – nikaliona linakuja upande wangu. Mikono ikafunguka. Yenyewe! Sikuamua. Nilishtukia tu kamba haipo.
Tawi likaanguka zima zima. Ncha ya kamba ikaruka juu, ikamchapa Zengo shingoni. Mguu ukamteleza. Akaning'inia kwenye mkanda, chenso inazunguka kwenye mshipi wake chini ya miguu yake, bado inaunguruma. Apolonia alikuwa amekuja kuchukua sufuria yake jikoni. Tawi lilitua pale pale alipotoka kuinama. Hatua mbili! Alikaa chini kwenye majani, akawa anamwita tu mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane, mayu wane."
Zengo aliposhuka, kitu cha kwanza aliniangalia mimi. "Umeumia?"
Nikatikisa kichwa.
Akaokota kamba, akaipapasa. "Imeteleza. Kamba mbovu hii. Yule mzee wa Lamadi katuuzia kamba mbovu."
Nikasema ndiyo.
Nimesema ndiyo.

Jumapili, 20 Oktoba
Alama shingoni imevimba, nyekundu kama imechorwa. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Anasema asante, mama Shija. Kila asante inanichoma.
Kanisani nilikaa nyuma. Sikusikia neno.

Jumatano, 23 Oktoba
Zengo kanipeleka Lamadi kumkabili Mzee Ngassa, anayeuza nyavu na kamba za wavuvi. Zengo kamfokea mbele ya wateja. Mwongo, muuaji – yote hayo kamwambia mtu mwenye mvi! Mzee hakupandisha sauti. Akaichukua kamba, akaivuta inchi kwa inchi, akaipitisha hata kwenye shavu lake.
"Kijana wangu," akasema, "kamba hii inavuta mtumbwi wenye watu kumi. Haiwezi kuteleza yenyewe. Nani alikuwa ameishika?"
Zengo akaninyooshea kidole, na akasema kwa kiburi kabisa, "Mke wangu. Kwa hiyo usiniulize hilo."
Mzee akaniangalia. Nikaangalia samaki kwenye meza ya jirani yake. Akatupatia kamba mpya. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia akiwaomba wateja wake radhi.
Zengo njia nzima anapiga mluzi. Mimi nimeipakata kamba mpya.

Jumatatu, 28 Oktoba
Simu kutoka Nkoma. Mwalimu mkuu, Mwalimu Nathanael. Upepo wa juzi umepasua mkaratusi wa shule katikati. Nusu imelalia upande wa darasa la pili. Watoto amewahamishia chini ya ukuta wa ofisi, lakini mvua ikinyesha hana pa kuwaweka. Kibali cha kata anacho. Jumamosi twende.
Zengo anaruka. Shule! Tukiweza huu, wilaya nzima itatujua.
Nimemuuliza, mti uliopasuka unapandwaje? Anasema unapandwa upande usiopasuka, matawi yanashushwa moja moja, taratibu mno, maana likidondoka moja ghafla mti wote unatikisika na ule ufa unaweza kuupasua hadi chini. "Ndiyo maana nakwenda na wewe," akasema. "Siwezi kwenda na kibarua."

Alhamisi, 31 Oktoba
Sijala. Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya kwanza jirani akabisha hodi. Ya pili alikuwa ananoa mnyororo wa chenso, anaimba. Ya tatu hakukuwa na kizuizi chochote. Mdomo tu ulikataa.

Jumamosi, 2 Novemba
Niko Nkoma, shuleni. Nimekaa kwenye ngazi ya darasa, daftari magotini. Saa tatu asubuhi. Mkaratusi ni mrefu kuliko nilivyodhani. Ufa unaingia mkono mzima, na upepo ukivuma unafunguka na kujifunga. Unalia. Kama mlango.
Zengo alishafunga mkanda. Alishaweka mguu wa kwanza kwenye shina. Nikamshika shati.
"Baba Shija. Haikuteleza. Niliachia."
Akashusha mguu. Akanitazama kama hakusikia Kiswahili. Nikarudia kwa Kisukuma. Nikamwambia yote – tawi, mlio, mikono, na yule mzee wa Lamadi.
Akagusa shingo yake. Kisha akauliza, polepole, si kwa hasira: "Na hili la leo likija upande wako?"
Nilitaka kusema sitaachia. Ndilo jibu linalotakiwa! Nikasema, "Sijui."
Sasa amekaa chini ya mti, mgongo kwangu, mkanda bado kiunoni. Kamba iko kati yetu kwenye vumbi. Hakuna aliyeigusa. Upande wa Lalago mawingu yamekuwa meusi na upepo umeanza kupeperusha majani uwanjani. Mwalimu Nathanael amekuja mara mbili. Mara hii ameuliza waziwazi, jamani, tunaanza au wataalamu watafutwe kwingine?
Zengo amegeuka. Ananiangalia mimi, na mwalimu naye ananiangalia mimi, kama nitaiokota kamba au la.