Koti la mtani

Mama Kulwa wangu,

Mie mzima, ila joto la Kinondoni linanipika bila mafuta.

Kumbe mgodi umenilipia nauli nije kuwashukuru mbele ya wageni kwa ile zahanati waliyotujengea. Nikauliza, "Na mkunga je?" Bwana wao wa mahusiano akasema, "Mzee, leo wewe shukuru tu." Nikamuuliza kabila lake. Mzaramo. Basi kajifunga mwenyewe, mtani wangu.

Alipotundika koti kwenye kiti akafuata biriani, nikalivaa nikaenda mbele.

"Nashukuru kwa zahanati," nikasema. "Popo wameipenda sana. Mkwe wangu tumbo limeshashuka. Atazalishwa na popo?"

Bwana akanisogelea kwa upole. "Mtani, hilo koti langu."

"Likomboe. Sisi Wasukuma koti la Mzaramo linakombolewa kwa mkunga."

Wageni walicheka, mkubwa wa mgodi hakucheka. Akatamka mbele ya wote kwamba mkunga atafika Jumatatu. Ahadi za mgodi unazijua, kwa hiyo koti nimeondoka nalo, niko nalo hapa Kinondoni kwa Doto wetu.

Mwambie mkwe abane miguu mpaka Jumatatu. Ukimwona mkunga kwa macho yako, nipigie nilirudishe. Asipofika nakuja nalo. Mie linanibana mabega, lakini wewe litakukaa vizuri, na asubuhi za huko zina baridi.

Lala salama, mama watoto. Kitanda cha huku ni kipana mno.

Mzee wako