Tumbo Limejaa Viazi, Mama Mkwe Anasema Hajala

Wewe Idefonsi wa Keza, weka hicho kibuyu chini. Ndiyo, wewe. Mkeo ameniandikia mimi, bibi wa watu nisiyekujua hata sura, kwa sababu wewe unayelala naye nyumba moja umeufunga mdomo. Nimemwambia katekista anayeniandikia aichape barua yote katika jarida letu la parokia, asikate hata neno. Isome. Ikikushinda, tafuta wa kukusomea.

*

Mpendwa Bibi Genoveva, shikamoo. Naomba unisaidie maana nimefika mwisho, jina langu ni Speciosa na uliandike tu, huku Keza wanalitaja vibaya kuliko utakavyolitaja wewe. Nilivuka kutoka Burundi mwaka ule wa vita, nikakaa kambini, kisha Idefonsi akanioa kanisani, tuna mtoto wa kike na tunaishi na mama yake, na Mungu anajua nampenda yule mama, lakini migomba yake yote imeliwa na fukusi ikaanguka, kilichobaki shambani ni viazi mviringo nilivyopanda mwenyewe, kwa hiyo napika viazi, Bibi, kila namna ninayoijua, nachemsha na maganda na chumvi, nachanganya na maharage chungu kimoja kama kwetu, nakaanga kwa mawese na kitunguu, naponda na mchicha, nafukia kwenye majivu, juzi nimeviunga kwa karanga mpaka jirani akaja kuomba, na mama anakula, sahani anairudisha tupu, halafu anajifuta mdomo anasema, "Haya, tukalale tu, leo tena sijala."

Mwanzoni nilidhani ananitania, lakini kwenye sala ya jumuiya mwenzetu mmoja, Marsiana, akamwuliza, "Mama Idefonsi, mbona umekonda hivyo?" naye akajibu, "Nitanenepaje? Tangu migomba ianguke mimi sijala," basi neno likatembea, sasa kisimani wanawake wakiniona wananyamaza, na wifi yangu Tecla amekuja kutoka Nyamiaga akaniambia usoni, "Kambini mlizoea foleni ya chakula, sasa na mama yetu unamfundisha njaa?" na wazee wa ukoo wamesema watakaa Jumapili baada ya misa, mimi nirudishwe kambini na mtoto abaki, na nikimwambia Idefonsi aseme neno anajibu, "Yule ni mama yangu, nitasema nini?" Bibi, nivipike hivi viazi namna gani tena ili mama akubali kwamba amekula?

Speciosa, Keza

*

Marahaba, mjukuu wangu. Pole sana. Sasa futa machozi unisikilize, maana pole yangu imeishia hapo.

Wewe hujamnyima mtu chakula. Na mama mkwe wako hajasema uongo. Umeshangaa? Huku kwetu, kwa mtu wa umri wangu, chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vya kushikiza tumbo. Marehemu mume wangu alikuwa anakula muhogo mpaka anafungua mkanda, halafu ananiuliza, "Genoveva, chakula kiko wapi?" Hakuna aliyesema ninamwua kwa njaa. Kwenu kiazi ni chakula hata mbele ya mgeni, ndiyo maana hukuelewa. Wewe nakusamehe.

Marsiana simsamehi. Amezaliwa hapahapa, anajua kabisa kikongwe akisema "sijala" ana maana gani. Neno hilohilo lingesemwa juu ya mkamwana wa hapa kwetu, hao wa kisimani wangecheka wakajitwisha ndoo zao wakaenda. Wamejifanya viziwi kwa sababu ni wewe, uliyetoka kambini. Na wewe Tecla, mama anayerudisha sahani tupu njaa yake iko wapi? Ulimletea mkungu gani kutoka Nyamiaga, zaidi ya huo mdomo?

Lakini Speciosa, na wewe una kosa, usininunie. Unachemsha, unakaanga, unaponda, unaunga. Barua nzima nimeisikiliza, sijasikia mahali mama mkwe wako ameshika kitu. Ndizi zilipokuwepo nani alikuwa anamenya? Bila shaka yeye, amekaa kwenye kigoda chake, utomvu vidoleni, anakutuma lete maji, sogeza kuni. Leo kisu chake kimechomekwa ukutani kinashika kutu, na wewe na wepesi wako unatosa viazi na maganda yake, umeivisha kabla hajaunyoosha mgongo. Mwanamke anayepikiwa kama mgeni katika jiko lake mwenyewe atasema hajala hata ukimpa nyama.

Kwa hiyo acha kutafuta namna mpya. Namna unazo nyingi mno, hizo za karanga hata mimi nitazijaribu. Jumapili, kabla ya misa, mwekee mbele viazi vibichi na kisu chake, umwambie, "Mama, nimenyee." Usimsaidie. Akitoa maganda manene, nyamaza. Tandika majani ya mgomba ndani ya chungu, panga viazi, funika kwa majani mengine, moto uwe wa polepole mpaka harufu ya jani iingie ndani. Ponda humohumo kwenye jani. Maharage weka pembeni, huo mchanganyiko wenu wa chungu kimoja atauzoea baadaye. Wazee wakifika, wasianze kusema. Waandalie juu ya jani, na mwache mama mwenyewe awakaribishe. Nataka nimwone huyo mzee atakayekula kilichomenywa na mama wa nyumba, alambe vidole, halafu aseme nyumba hiyo haina chakula.

Nakurudia, Idefonsi. Migomba yenu imeanguka, mkeo majani atayatoa wapi? Hiyo ndiyo kazi yako. Nenda kwa mwenye shamba lililosimama, omba majani mapana yasiyochanika, ubebe mwenyewe kichwani, na upite nayo pale kisimani wanawake wakuone. Jumapili simama mbele ya wazee, useme kwa mdomo wako: "Mama yangu anakula kila siku, na mke wangu haendi popote." Ukishindwa kuyakumbuka, chana ukurasa huu uende nao mfukoni.

Haya, inuka. Kayakate hayo majani.