Mikono Mia Mbili na Arobaini ya Kushoto

6 Machi

Mdogo wangu,

Jumanne ya tarehe 4 tumepoteza mita 38 za kitambaa cha bluu, na aliyezipoteza ni wewe. Salamu zifuate: huku wazima, natumaini wewe na mama pia.

Mzigo wako nimeufungua mbele ya mafundi wote. Mashati 120, mikono 240, yote ya kushoto! Hukugeuza karatasi ya kukatia ili upate ya kulia. Fundi wa vifungo akauliza, "Bosi, wateja wetu siku hizi wana kushoto mbili?" Walicheka wao, si mimi.

Miaka kumi na mmoja umekata nguo kwenye karakana yangu ya huko, ukaharibu mara mbili. Tangu Januari umeharibu mara tano, na zote kabla ya saa nne asubuhi. Hesabu yangu inasema hulali. Kama ni pombe, sema. Kama ni mwanamke, sema pia. Nilianza na cherehani moja ya kuazima. Sitazamishwa na ndugu wa tumbo moja.

Dada yako

10 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi sijambo kiasi. Hesabu yako ni sawa, jibu ndilo hukulipata. Ni mama. Tangu Januari anaamka saa kumi alfajiri, anajifunga kilemba, anasema anachelewa kazini. Amestaafu miaka kumi na tisa! Nikifunga mlango analia, basi namfuata. Tunatembea hadi geti la kiwanda chake cha zamani, anamsalimia mlinzi, tunarudi. Saa moja na nusu niko mezani.

Sikukuambia kwa sababu ungeleta mtu wa kulipwa. Mama simkabidhi kwa mgeni, nimemweza. Meza nimemwachia mwenzangu kuanzia leo. Mimi ni mkataji, siwekwi kazini kwa huruma.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu mkaidi,

Mama ameamkaje? Nawe je? Mimi mzima, ila nina aibu. Nimekuuliza pombe, nimekuuliza mwanamke, mama sikumuulizia. Nilikuwa natuma sabuni na dawa ya presha, nikajiona mtoto mwema.

Wiki kumi umetembea naye peke yako, na katika wiki hizo umekata nguo 2,300. Zilizoharibika ni 190. Nimewasomea mafundi hesabu hiyo. Fundi wa vifungo kasema yeye akikosa usingizi siku moja tu anajidunga kidole. Huyo mwenzako anakata nusu yako kwa siku. Sikuhurumii, nahesabu.

Mtu wa kulipwa simleti, nakuja mwenyewe. Binti yangu ataangalia karakana ya huku. Jumapili hadi Jumatano mama ni zamu yangu: nitalala chumbani kwake, nitamfuata mimi hadi getini. Wewe utalala, na siku za zamu yako mashine ya kukatia huishiki kabla ya saa nne.

Utasema umemweza. Umemweza, nani kakataa? Najivunia wewe hadi wateja wamenichoka. Lakini sipandi basi nije kusimamishwa mlangoni. Utanifungulia, na utarudi mezani? Nataka ndiyo au hapana, "tutaona" siitaki, kabla ya Jumamosi hii saa sita mchana.

Dada yako