Diski za Baba Mdogo Zadock

Migori mjini,
nyuma ya duka la Issack,
Jumapili.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za kijana wako Walter, ambaye huku Migori watu humwita Injinia ingawa wewe bado unamwita yule wa kumwaga maziwa. Mimi ni mzima, nakula, hata nimeanza kunenepa upande wa mashavu. Natumai nawe u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua ukipanda kutoka ziwani na beseni. Mwambie mdogo wangu Beverly nimesikia matokeo yake ya hesabu, asijivune sana, mimi pia nilikuwa napata vile kabla walimu hawajaanza kuchanganya herufi ndani ya hesabu. Nisalimie kuku wote isipokuwa yule jogoo, anajua alichonifanyia Krismasi.

Utashangaa kupata barua, tena ndefu hivi, kutoka kwa mtu aliyeachia shule kidato cha pili. Ningekupigia. Lakini simu yako hushinda ikichajiwa kwenye duka la mke wa Baba Mdogo Zadock pale ufukoni, na mara mbili sasa nimekutumia ujumbe, kisha Baba Mdogo akanijibu yeye kwa mdomo kabla wewe hujausoma. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka. Ndiyo maana nimempa Celestine barua hii mkononi, kwa kuwa kesho anavuka kuja kisiwani Mfangano kuchukua dagaa zake za omena za kuuza. Isome ukiwa peke yako, na ukimaliza usiitie ndani ya ile Biblia, kwa sababu kila mtu nyumbani anajua unaficha vitu humo.

Kazi ni nzuri. Sipendi kujisifu, lakini kutoka hapa mpaka Isebania hakuna anayeshuti video ya matanga kama mimi. Mtu akifa, familia huuliza kwanza kama Injinia ana nafasi, halafu ndiyo wanatafuta jeneza. Video zote nazitunza kwenye seva yangu. Seva ni ile kompyuta ya sanduku uliyoiona ulipokuja kunitembelea, uliyoiwekea sufuria juu. Kazi yake ni kutunza tu. Ndani yake kulikuwa na diski moja, chuma cha ukubwa wa kitabu kidogo cha nyimbo, na ndani ya chuma hicho kulikuwa na miaka mitatu ya watu wa Migori na Homa Bay wakilia. Na alikuwemo Baba.

Unakumbuka siku tulipomzika. Wengi walisema mtoto gani huyu anashika kamera ya kuazima badala ya kumlilia babake. Nilishika kamera kwa sababu nikiishika mikono haitetemeki. Ndiyo nikamnasa Baba Mdogo akiwa na maikrofoni kando ya jeneza, akizungumza Kiswahili makusudi ili ndugu zako waliotoka Isebania wasikie. Alisema shamba lote, kuanzia yale mawe meupe hadi majini, marehemu alilinunua kwa jasho lake mwenyewe. Alisema ni la mjane na watoto. Alisema yeye Zadock hana hata hatua moja ndani yake, na atakayemsumbua mjane, marehemu na amsumbue. Dakika nne na sekunde kumi. Nakuandikia yale ya shamba kama alivyoyasema, utaona sababu mbele.

Leo mtu huyo huyo amekwenda kortini Homa Bay kusema shamba ni la ukoo na wewe utoke, na wale wanaotaka kujenga nyumba za wageni wameshapima mpaka juu ya kaburi. Wakili alituambia midomo ya ndugu zako na midomo ya watu wa Zadock itapingana hadi hakimu achoke, lakini video ni yeye mwenyewe akijisemea. Tulete tu video Alhamisi.

Sasa nisikilize polepole, Mama.

Mwezi uliopita Baba Mdogo alitoka Macalder, kule anakosagisha mawe ya dhahabu, akaja hadi chumbani kwangu. Akaniita Injinia. Mtu ambaye tangu nizaliwe hajaninunulia hata chapati. Akasema mambo ya shamba ni ya wakubwa na korti, hayamhusu mtoto wa ndugu yake. Akauliza kazi inaendaje. Nikamwambia kazi ni nyingi mpaka diski imejaa. Akasema ataniletea mbili mpya, kubwa, kama zawadi ya mjomba kwa mpwa, nikamrekebisha kwamba yeye ni baba mdogo, akacheka. Kisha akaniomba nipige picha ile diski ya zamani, pande zote mbili, ili anunue za kampuni ileile na umbo lilelile, zipate kuelewana. Nikampigia. Nikamsifu pia, nikamwambia ni wachache wazee wanaofikiria hivyo.

Jumamosi ya wiki iliyopita akaja nazo, zimefungwa kwenye vile vifuko vinavyong'aa kama fedha. Hakutaka kukaa kitandani. Alikaa juu ya jerikeni, na sweta yake mwilini, mkoba kwenye magoti, akinitazama mikono. Nikazifunga ndani, nikawasha. Seva kila ikiamka huhesabu viungo vyake kwanza. Ikahesabu diski moja, ile ya zamani. Nikamwambia Baba Mdogo asijali, vyombo vipya huona haya mbele ya wageni.

Nikabadilisha waya zinazopitisha data. Moja. Nikabadilisha waya za umeme. Moja. Nikahamisha tundu, nikazima, nikawasha, nikapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Moja. Basi nikaweka sikio. Diski nzima ikipata umeme huzunguka, unasikia mvumo kwa mbali, na ukiishika inatetemeka kidogo kama kifaranga mkononi. Zile zilikuwa baridi na kimya. Baba Mdogo akaniuliza nasikia nini. Nikasema sisikii kitu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza swali ambalo jibu lake analo mfukoni.

Ndipo akauliza, taratibu kabisa, kama haingefaa kuitoa ile ya zamani kwanza, nijaribu mpya kwenye waya zake ambazo tunajua ni nzima. Mama, hilo lilikuwa swali sahihi. Ndiyo hatua inayofuata, fundi yeyote angeifanya. Nikashangaa mtu wa kusaga mawe kujua hivyo, na sikushangaa vya kutosha. Nikazima. Nikamtoa Baba, nikamlaza juu ya meza. Diski hiyo nilikuwa nimeibandika utepe wa karatasi ulioandikwa MATANGA kwa kalamu nyekundu. Nikajaribu mpya ya kwanza pale pake, kimya. Ya pili, kimya. Nikatangaza kama daktari kwamba waya ni nzima, wagonjwa ni diski zake.

Akasema pole, atazirudisha Isebania alikozinunua. Akasema kiu imemshika. Soda, baridi sana, lakini si ya Issack hapa mbele kwa kuwa friji yake haigandishi, bali ya kule stendi. Nilikwenda mbio kama mtoto wa darasa la tatu. Niliporudi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba umefungwa, vifuko viwili ndani. Aliniambia soda niinywe mimi. Hakuigusa.

Nikarudisha diski yenye utepe mahali pake nikawasha. Seva ikahesabu, ikasema haina kitu. Niliweka sikio. Baridi na kimya.

Siku tatu sikutoka chumbani. Nilifikiri nimeiua mwenyewe kwa umeme wa mwili, ule unaoweza kuruka kutoka kwenye vidole. Nilibadilisha kila waya nilionao, nikaazima kompyuta ya jirani nikaifunga huko, hakuna. Nilikosa matanga mawili ya watu wakubwa. Wewe ulinipigia Jumanne ukaniuliza kama nimejiandaa, nikakwambia nimejiandaa, nikakwambia hata nimenunua shati.

Jumatano Issack akaja kuniuliza kama nimekufa. Issack ndiye mwenye duka hili la vifaa vya umeme na soda, na diski yangu niliinunua kwake. Ni mtu asiyetupa karatasi. Ana daftari la dhamana ambamo huandika namba ya kila chombo anachouza, ili usimrudishie cha mwingine. Alichukua ile diski, akavaa miwani, akasoma namba iliyopigwa juu ya chuma, akasoma daftari, akalifunga. Akaniuliza kwa upole kama kuna ndugu yangu niliyemkosea. Namba hazifanani hata kidogo. Tukaubandua utepe wangu. Ulikuwa na mikunjo, na chini yake kulikuwa na nyuzi za sweta. Ulibandikwa mara ya pili, Mama, kwa haraka, na mtu aliyevaa sweta. Issack akasema diski zilizokufa mafundi huziuza kama vyuma vikuukuu, na kuna mtu alikwenda akachagua mbili zilizokufa makusudi, za kampuni ileile na umbo lilelile. Picha nilimpa mimi.

Sasa keti chini, kwa sababu yaliyobaki ndiyo mabaya na hayamhusu Zadock peke yake.

Utajiuliza alijuaje video iko wapi. Nilimwambia. Mwezi wa nne, kwenye matanga fulani kule Homa Bay, alinitania mbele ya vijana kwamba nakula kwa machozi ya watu. Nikamjibu kwa sauti kwamba mdomo wake mwenyewe umo ndani ya sanduku langu, na siku moja atajitazama mbele ya hakimu. Vijana wakaangua kicheko. Na mimi nikaongeza, kwa kuwa kicheko kilikuwa kitamu, kwamba iko hapo tu, dunia nzima hakuna nyingine. Alicheka na yeye. Halafu watu walipotawanyika akanisogelea akaniuliza polepole: hakuna nyingine kabisa?

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Pasaka ulinitumia flashi kwa mkono wa Celestine, ukanisihi nitoe nakala mbili, moja ya wakili na moja ya mchungaji. Nilikwambia nimetoa. Nilikwambia hata rangi ya bahasha. Nilikudanganya, Mama. Ile flashi niliijaza nyimbo. Ziko mia mbili na kitu. Nilikuwa nitoe nakala wiki iliyofuata, na wiki hiyo ikawa na wiki yake iliyofuata. Wakili hana kitu. Mchungaji hana kitu. Umekuwa ukilala kwa amani katika nyumba ya Baba juu ya uongo wangu, na sijui nitakutazamaje.

Jana Baba Mdogo alinipigia simu. Sauti tamu kama asali. Anasema Jumatano asubuhi atanipitia na gari lake anipeleke Homa Bay, nisihangaike, sisi ni damu moja. Ila tupitie Macalder kwanza achukue kitu. Wewe unazijua barabara hizi, Mama. Homa Bay tunapitia Rongo, Macalder ni upande mwingine kabisa, hakuna anayekwenda Homa Bay kwa kupitia Macalder. Akasema nibebe kamera na kadi zake zote. Akaniuliza kama nimewahi kuona yale mashimo ya zamani ya dhahabu, yale yasiyoonekana chini, kwamba yanatoa video nzuri. Nikasema ndiyo, Baba Mdogo, nitafurahi. Nikacheka ili asikie nacheka. Nikikataa angejua kwamba nimejua.

Sitamngoja. Jumanne kabla ya mchana Issack anakwenda Homa Bay kuchukua bidhaa, nami nitakuwa naye, na daftari lake la dhamana litakuwa chini ya kiti. Amezungumza na wakili kwa simu yake. Wakili amesema tukifika tu tuandikishe mambo haya kwa polisi, kisha Alhamisi aliyeshika kamera asimame aape alichokiona na kukisikia. Yaani mimi. Wewe unajua Mfangano wananijua kwa nini. Kijana aliyewahi kuwaambia watu kwamba alivua sangara mwenye jino la dhahabu ndiye atakayesema kweli mbele ya hakimu, na asipoaminika unahamishwa kutoka kwenye kaburi la mumeo. Baba ameibiwa mezani kwangu, na mahali pekee alipobaki ni kichwani mwangu.

Na kwenye karatasi hii. Ndiyo maana nimeandika maneno hayo ya Zadock, pale juu, na tarehe ya mazishi unaijua. Barua hii nimeiandika mara tatu kwa mkono, mkono unauma hadi begani. Moja ni hii. Moja ameifungia Issack ndani ya sefu. Moja inakwenda kwa wakili kwa dereva ambaye sikutajii. Safari hii sikudanganyi kuhusu nakala.

Wewe vuka Jumatano na Beverly, na usipande boti ya watu wake hata wakikusihi. Ulale kwa kina mama wa kanisa pale Homa Bay. Alhamisi saa tatu asubuhi nitafute kwenye lango la korti, nitakuwa na lile shati, ambalo kweli nimelinunua. Usiponiona saa tatu na nusu, usiningoje tena. Ingia, mpe wakili barua hii, na uwaambie wakaanze kunitafuta Macalder.

Nakuombea goti lako, usingizi wako na nyumba yako. Mpe Beverly mkono wangu, mwambie awe na kichwa chake cha hesabu, asiwe na mdomo wa kaka yake. Nisalimie kuku wote, na yule jogoo pia.

Ni mimi mwanao,
Walter.